Nilivyokagua Pikapu kwa Ulimi

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliamini, kwa moyo wote na kwa akili zangu zote za masomo ya jioni, kwamba magari kutoka Japani huja kwetu yakiogelea.

Msicheke kwanza. Habari hiyo nilipewa siku yangu ya kwanza kazini, Iringa, na utingo wa lori la mbao kutoka Mafinga, mtu aliyefika bandarini mara moja tu na aliyeizungumzia safari hiyo kama vile alizaliwa ndani ya kontena. Alinishika bega, akaniinamisha mbele ya pikapu moja nyeupe iliyokuwa inasubiri ukaguzi.

"Dogo, unaziona hizi pete za chuma chini ya bampa? Mbele zipo, nyuma zipo. Unafikiri za nini?"

"Za kuvutia gari likikwama," nikasema.

"Likwame wapi, na kule barabara ni lami hadi chooni? Hizo ni za baharini. Gari la kwanza linafungwa kwenye meli, la pili linafungwa nyuma ya la kwanza, la tatu nyuma ya la pili. Meli moja inaburuta magari mia tatu kama treni."

"Hayazami?"

"Tairi si zina upepo?"

Nikaona hesabu imekaa. Jioni ile darasani nikamuuliza mwalimu wetu wa jiografia kama maji ya bahari yana uwezo wa kuelesha vitu vizito, akasema ndiyo, kwa sababu ya chumvi. Sikuuliza zaidi. Utingo alikuwa amethibitishwa na serikali ya elimu ya watu wazima! Na ukitazama chini ya pikapu nyingi za mtumba utaona kutu ya ajabu, kutu inayobanduka kama maganda ya kitunguu. Sasa kutu ile itoke wapi kama si bahari?

Ndugu zangu wadogo mnaobaki na lile shimo la ukaguzi, nimestaafu mwaka huu nikiwa na magoti mawili mabovu na furaha isiyo na kipimo, na mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye mafaili, tena havichukui hata nusu ukurasa. Mimi nitaandika kuhusu chini ya gari, ambako nimekaa miaka mingi kuliko nilivyokaa sebuleni kwangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Luvanda, mkaguzi wa Iringa, Mhehe mrefu aliyekuwa na maneno kumi kwa siku, na matano kati ya hayo yalikuwa "kamwene", kwa sababu kila anayeingia getini lazima asalimiwe. Siku ya kwanza alinipa kitambaa, tochi, na nafasi shimoni kando yake. Hakunieleza lolote. Alitoa nyundo ndogo mfukoni, kichwa chake hakizidi yai la kuku, mpini wa mkaratusi uliong'aa kwa kushikwa, akaanza kuigonga chasisi ya pikapu kutoka mbele. Anagonga, anasogea shubiri moja, anagonga tena. Ngii. Ngii. Ngii. Alipofika juu ya ekseli ya nyuma, nyundo ikasema: bub.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, mzee."

"Imefeli."

Mwenye gari alilia, alicheka, aliapa kwa Bikira Maria na kwa ndugu zake wote wa Tosamaganga kwamba rangi ya chini ni mpya kabisa. Mzee Luvanda akatumia maneno matatu yaliyobaki ya siku ile: "Rangi haina sauti." Akaenda kunywa chai.

Nilijifunza mengi pale Iringa. Magari ya mbao ya Mafinga yalikuwa chuo kikuu. Mtu ananunua pikapu ya kubeba tani moja, anaongeza majani ya springi hadi nyuma inanyanyuka kama bata anayekunywa maji, kisha anapakia mbao mpaka mbele kunakuwa kwepesi. Dereva mmoja aliniambia kwa fahari, "Mzee, usukani wangu mwororo, naendesha kwa kidole." Nikamwambia ni kweli, kwa sababu tairi zako za mbele zipo hewani! Kwenye pikapu hizo mtakuta kifimbo cha chuma kinachoshuka kutoka kwenye chasisi hadi kwenye ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kuiambia breki ya nyuma mzigo ni mkubwa kiasi gani. Ukiongeza springi, kifimbo kinadanganyika, breki ya nyuma inalala usingizi, na mafundi wetu badala ya kukirekebisha wanakifunga kwa waya. Nimefungua waya za namna hiyo nyingi kiasi kwamba ningezishona pamoja zingezungushia uzio msitu wote wa Sao Hill na kubaki za kuanikia nguo.

Basi shikeni haya, kwa sababu hayabadiliki. Pikapu ya mtumba ikija mbele yenu, tairi zikiwa na meno mazuri msishangilie. Someni mwaka uliochapwa ubavuni, maana mpira unazeeka hata ukiwa umesimama. Mipira ya breki ikunjeni, ikionyesha nyufa ndogo kama midomo ya mtu wa Makete kwenye baridi ya mwezi wa saba, imekwisha. Hendibreki ijaribuni kwenye mwinuko, si kwa kuvuta tu na kusikia krii krii. Waya wake mara nyingi umeganda kwa kutu ndani ya ganda. Boljointi na tairodi, viungo vya usukani, mzitikise tairi likiwa juu ya jeki. Taa za mbele ziwasheni ukutani. Na saa ya kilomita, hiyo iangalieni kama mnavyoangalia umri wa shangazi yenu: usibishane, lakini usiandike unachoambiwa. Angalia kanyagio la breki. Likiwa limelika hadi chuma na saa inasema gari bado kigori, liamini kanyagio.

Mzee Luvanda alipostaafu alinikabidhi ile nyundo, na mimi nikahamishiwa Mbeya. Siku ya kuagana alivuka kiwango chake cha maneno. Alisema, "Kila gari. Kila shubiri. Gonga hadi mwisho." Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa sijaelewa.

Mbeya kazi ilikuwa nyingi mno! Malori ya kwenda Tunduma, magari ya viazi ya Uporoto, pikapu za Makongolosi zilizotoka machimboni na udongo wa kutosha kupanda mihogo, milango imefungwa kwa mpira wa tairi la ndani, dereva anaingilia dirishani na kusalimia kama vile hiyo ni kawaida ya dunia. Foleni ilifika barabara kuu. Kugonga kila gari kila shubiri kulikuwa kunachukua muda, na shingo ilikuwa inaniuma. Hapo ndipo akili yangu ya masomo ya jioni ikazaa kitu.

Nikajiambia hivi. Kama kuna magari yanaogelea, lazima yapo pia ya wenye uwezo yanayopanda ndani ya meli. Yaliyoogelea yana chumvi. Yaliyopanda hayana. Na chumvi inaonjwa kwa nini? Kwa ulimi!

Ndiyo. Nililamba magari. Nilikuwa nafungua mlango wa dereva, nafuta vumbi kwenye bawaba ya chini, naigusa kwa ncha ya ulimi, natema, natafakari. Likiwa na chumvi, nashuka shimoni na nyundo. Likiwa halina, naangalia breki, usukani, taa na tairi kama kawaida, ila nyundo naiacha msumarini. Nilikuwa na uhakika kama daktari wa meno. Wenye magari waliniheshimu ajabu. Walikuwa wanasema Mbeya kuna mkaguzi anayesikia ugonjwa wa gari kwa ulimi, na mimi sikuwakatisha. Leo najua ile chumvi niliyokuwa naionja ilikuwa jasho la mikono ya madereva. Ulimi wangu umesalimiana na nusu ya madereva wa Nyanda za Juu Kusini.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa siku alipokuja Mama Masanja.

Alikuja na mumewe, Baba Masanja, kutoka Ubaruku. Ni Wasukuma, wazazi wao walihamia bonde la Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini, wao wenyewe sasa wana mashamba ya mpunga. Walikuwa wameuza karibu zizi zima, wakabakiza madume mawili ya jembe, ili wapate pikapu ya kupeleka mchele Mafinga. Pikapu yenyewe ilikuwa uani kwetu, nyeupe kama kanzu ya komunio, na kando yake amesimama mwenye yadi ya kuuzia magari. Jina lake nalihifadhi. Nitamwita Bwana Rangi, sababu mtaiona. Makubaliano yao yalikuwa rahisi: ukaguzi ukipita, gari ni la Baba Masanja na fedha za ng'ombe ni za Bwana Rangi, hakuna kurudiana. Ukifeli, kila mtu anarudi na chake. Jumamosi ilikuwa safari ya kwanza, na Mama Masanja mwenyewe angekaa juu ya magunia na wenzake wawili, kwa sababu kabini ina nafasi ya watu wawili na mchele haujui kujilinda.

Kwa hiyo mnaona. Saini yangu ndiyo iliyokuwa imeshika zizi la ng'ombe mkono mmoja, na akina mama watatu mkono wa pili.

Nilianza kwa mbwembwe. Taa safi. Breki za mbele safi, mipira ya breki imebadilishwa. Usukani hauna mchezo. Tairi nne mpya, mwaka mzuri. Hendibreki ikashika kwenye mwinuko kama mkwe aliyeshikwa mkono na mama mkwe. Nikafungua mlango wa dereva, nikafuta bawaba, nikalamba.

Baba Masanja alirudi nyuma hatua moja. Mama Masanja akasogea mbele hatua mbili.

"Baba," akaniita kwa adabu sana, "hilo ni gari au ni magadi?"

"Ni kipimo, mama."

"Hata ng'ombe wetu wana kipimo hicho. Tukiwawekea chumvi wanapima hivyo hivyo."

Watu uani wakaangua kicheko. Mimi nikatema pembeni, nikainua kidole, na kutangaza kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Uyole: "Halina chumvi hata chembe! Hili halikuogelea! Hili lilipanda meli daraja la kwanza!"

Bwana Rangi alinitazama kidogo, kama mtu aliyesikia jambo akashindwa kuamua alicheke au alishukuru. Kisha akachagua kushukuru. "Mkaguzi wetu ni mtaalamu," akasema. "Ndiyo maana mimi huleta magari yangu hapa."

Nikachukua fomu, nikajaza kwa wino, mstari kwa mstari, nzima, nzima, nzima. Kwenye mstari wa chasisi nikaandika nzima. Nilibakiza saini tu. Baba Masanja alikuwa ameshaanza kutabasamu. Mkewe hakutabasamu. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, kanga ameikunja magotini, anachungulia chini.

"Baba mkaguzi. Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Hongereni."

"Mbona hujamgusa tumboni?"

"Nani?"

"Huyu." Akaligonga gari bodi kwa kiganja. "Mimi nimenunua ng'ombe mnadani tangu nikiwa msichana. Muuzaji anakuoshea ng'ombe uso, anampaka mafuta pembe, anamsimamisha mahali pa jua zuri. Sisi hatutazami huko. Tunapita nyuma, tunaingiza mkono chini, tunabonyeza. Wewe umemtazama uso, umemramba sikio, basi. Chini hujabonyeza."

"Mama, kuna utaratibu wa kitaalamu—"

"Na ile nyundo pale msumarini ni ya kupigia nani? Wageni?"

Bwana Rangi akaingilia kati. "Mama, muda. Mkaguzi ana foleni, na amesema gari zima."

"Wewe tulia," Baba Masanja akamwambia taratibu. Nadhani ndilo neno lake la kwanza siku ile. "Mke wangu hajawahi kununua ng'ombe mgonjwa."

Nawaambia ukweli, ndugu zangu. Nilichukua nyundo ya Mzee Luvanda kwa kumridhisha yule mama tu, na kwa kiburi pia, ili asikie mwenyewe ile ngii. Tukashuka shimoni wote wanne. Chini kulikuwa kweusi, rangi mpya, nzuri, inang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikaanza mbele. Ngii, nikamwangalia. Ngii, nikamwangalia tena, na nyusi nimeziinua. Ngii. Shubiri kwa shubiri, huku najisikia mtu mkubwa. Tukafika juu ya ekseli ya nyuma, pale springi inaposhikiliwa na chasisi, pale ambapo uzito wote wa magunia na wa akina mama watatu ungekaa.

Nyundo haikusema ngii. Haikusema hata bub. Ilisema chwa, ikaingia! Kichwa chote kikazama ndani ya chuma kama kijiko kwenye parachichi la Rungwe, na nilipoivuta ikatoka na kipande kikubwa kama sahani, juu rangi nyeusi nzuri, ndani unga mwekundu. Nikagonga upande wa pili. Chwa.

Mama Masanja akakiokota kile kipande, akakivunja kwa vidole viwili kama mkate mkavu. Vidole vya mwanamke, bila koleo! Halafu akanitazama mimi, si Bwana Rangi. Mimi. Ile sura nimestaafu nayo.

Sasa niwaambie yaliyofuata ili msikose usingizi. Fomu ile niliichana mbele ya watu wote walionisikia nikitangaza daraja la kwanza, nikajaza nyingine, imefeli. Fedha za ng'ombe zilirudi Ubaruku mchana huo huo. Mwezi uliofuata walileta pikapu nyingine, ya zamani zaidi na yenye sura mbaya kupita kiasi, bluu upande mmoja na kijivu upande wa pili, nami niliigonga mbele hadi nyuma hadi majirani wakalalamika. Ngii tupu! Inabeba mchele hadi leo, na kila mwaka ikija kukaguliwa Mama Masanja hukaa pembeni akisikiliza, na nikimaliza ananishukuru, "Wabeja sana, baba, leo hujaramba."

Jambo la pili si la kuchekesha. Wiki mbili nilikaa na mafaili nikiwatafuta wenye magari yote niliyoyalamba na kuyapitisha bila nyundo. Niliwapigia simu, nikawafuata Chimala, Mbalizi, hadi Makongolosi kwa pikipiki, nikiwa na nyundo mfukoni na uongo mmoja mdomoni, kwamba ni ukaguzi wa bure wa ziada. Nilikuta mawili yameoza. Mawili. Moja lilikuwa linabeba wanafunzi wa kwaya kila Jumapili. Niliyasimamisha yote mawili, na barabarani wakati wa kurudi nilisimamisha pikipiki, nikakaa kando ya barabara. Ndiyo maana nawaandikia haya, na ndiyo maana ile nyundo nimeiacha pale pale msumarini. Kila gari. Kila shubiri.

Lakini narudi shimoni, maana sijawaambia jinsi Bwana Rangi alivyokubali kushindwa. Hakukubali mara moja. Alisema gari alilipokea hivyo hivyo, hakujua, rangi ilipakwa huko huko lilikotoka, nani angejua kuna kutu ndani? Alikuwa anaelekea kumgeuza Baba Masanja, anataka wachomelee tu kibati, waondoke. Na mimi, kwa aibu iliyokuwa imenijaa hadi masikioni, nikamrukia kwa silaha pekee niliyokuwa nayo.

"Ulijua!" nikapiga kelele. "Wewe ndiye unayeagiza magari ya kuburutwa! Unakwepa nauli ya ndani ya meli, unayafunga kwa pete nyuma ya meli kama mbuzi, yanakunywa maji ya bahari mwezi mzima, halafu unaosha bawaba ili mimi nisionje chumvi!"

Hilo lilimuuma kuliko kile kipande cha chuma. Mtu anaweza kuvumilia kuitwa mwongo, ila kuitwa mjinga katika biashara yake hawezi. Akavua kofia, akanieleza taratibu, kama mwalimu anayemsomea mtoto wa darasa la kwanza:

"Mzee wangu, hakuna gari linaloburutwa baharini. Yanaendeshwa hadi ndani ya meli, yanapangwa kama kwenye maegesho, na hizo pete ni za kuyafungia sakafuni yasigongane. Chumvi ni ya barabarani: kule kwao kwenye baridi kali barafu inafunika lami, wanaimwagia chumvi iyeyuke, na gari likipita juu yake miaka kumi linaoza kuanzia chini. Ndiyo maana chini sisi huwa tunapaka rangi."